Adrian Atiman, daktari mkatekista wa Karema



Kila muhula unapoanza, sisi wa nyumba hii tunajiwekea mipango mizuri: kuamka mapema na kukimbia kidogo, kunywa maji ya kutosha, kulala saa nne usiku. Wiki ya tatu mipango inaanza kulegea, na mitihani ikifika tunakesha kwa chai ya rangi yenye sukari nyingi. Tukasema badala ya kuandika mawaidha mengine juu ya afya, ambayo hata sisi hatuyafuati, tusimulie maisha ya mtu mmoja. Aliwatibu watu wa magharibi ya nchi yetu kwa miaka 67, na yeye mwenyewe akaishi karibu miaka 90.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alikamatwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Mwaka 1876 alikombolewa kwa fedha na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu huwaita Mapadre Weupe. Mtoto wa miaka kumi hivi, hana baba, hana mama, hana lugha ya mahali alipo. Tukizungumza juu ya afya ya akili, tuanzie hapo.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na baadaye Kardinali, alikuwa na shida ya kweli mkononi. Msafara wake wa kwanza kuja katika maziwa makuu ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, na Padre Joachim Pascal, mkuu wa kundi lililokuwa likienda Tanganyika, alifariki njiani kabla ya kufika Tabora. Homa ziliendelea kuwaua vijana waliofika wakiwa na nguvu zote. Lavigerie akafikiri: hawa watoto waliokombolewa, kwa nini baadhi yao wasisomeshwe udaktari, kisha wakaishi kati ya Waafrika wakiwa Waafrika? Mwaka 1881 akafungua nyumba ya masomo kisiwani Malta, na Atiman alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa huko.

Masharti ya nyumba hiyo yanafaa kutazamwa vizuri. Lavigerie hakutaka vijana wale wazoee maisha ya Kizungu. Chakula, mavazi na malazi yao yawe ya kawaida, ili siku watakapofika kijijini wasianze kuugua kwa kukosa vitu ambavyo kijiji hakina. Hata wamisionari wenyewe aliwapa amri ya namna hiyo: waseme lugha ya watu, wale chakula chao, wavae kama wao. Tena wasikae chini ya watatu katika nyumba moja. Amri ya watatu wengi huiona kuwa ya maisha ya kiroho tu. Sisi twaiona pia kuwa ya kitabibu. Ukiwa peke yako na homa, nani atakuletea maji? Na ukiwa peke yako na huzuni, nani atajua?

Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, akaanza safari ya kuja huku. Mwaka huohuo vita vya Abushiri vilianza pwani. Aliyeko hapa Mtendeni, mjini Tabora, anakanyaga nchi ya njia ile ya zamani. Jina lenyewe linataja mitende, mti wa wafanyabiashara wa Kiarabu walioweka makao Unyanyembe. Kutoka Bagamoyo mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800, kwa miguu, safari ya miezi mitatu hivi. Njia kuu iliendelea Ujiji, na nyingine ikashuka kusini-magharibi kuelekea Karema.

Misafara hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa afya, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja. Waliondoka alfajiri kukiwa na ubaridi, kirangozi akiwa mbele, nyimbo zikienda pamoja na hatua. Jua likianza kuwa kali walitua mizigo na kupiga kambi. Mchana wakapika, wakapumzika, jioni wakaongea na kucheza ngoma. Kesho tena alfajiri. Bila utaratibu huo mwili haubebi kilo 30 kwa miezi mitatu. Pamoja na hayo, ndui na kuhara damu viliua wengi, na mifupa ilionekana kando ya njia. Tusiipambe safari ile kuliko ilivyokuwa.

Atiman alifika Karema mwaka 1889, kando ya Ziwa Tanganyika, katika ngome iliyojengwa na Wabelgiji na kukabidhiwa wamisionari mwaka 1885. Alikuwa na miaka 23 hivi. Mwaka huohuo alimwoa Agnes Wansahira, wa nchi ile. Kijana aliyenyang'anywa ukoo akawa na ukoo. Mtoto wao Joseph baadaye akawa padre.

Kazi yake ilikuwa na majina mawili, daktari na mkatekista. Hakuwa daktari siku za juma na mkatekista Jumapili. Mgonjwa aliyekuja na kidonda alikutana na mtu yuleyule aliyefundisha sala. Alipasua, alifunga majeraha, alitibu homa. Dawa kutoka Ulaya zilichelewa, na anakumbukwa pia kwa kuchunguza mitishamba ya wenyeji badala ya kuidharau. Hilo lilihitaji unyenyekevu kwa mtu aliyetoka kusoma Malta: kukaa chini na kumsikiliza mzee wa kijiji akieleza mzizi gani unachemshwa na kwa muda gani.

Wajerumani wakaja, wakaondoka. Vita ya kwanza ya dunia ikafika mpaka ziwani. Waingereza wakaja. Atiman yupo Karema. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, naye alikuwa na miaka 80 hivi.

Tulipokuwa tukiandaa makala hii tulibishana jambo moja. Mmoja wetu alitaka tumsifu Atiman kwa kutumika miaka 67 mahali pamoja, mwingine akauliza kama hiyo ni afya au ni kujichosha. Swali ni zuri. Vilevile hakuna aliyemuuliza mtoto yule wa Tundurma kama anataka kuwa daktari. Wakubwa walipanga, yeye akapelekwa. Tunalotazama sisi ni vitu vilivyomzunguka katika miaka hiyo: mke na watoto, jumuiya iliyosali pamoja, chakula cha watu wa ziwani, kazi iliyomtoa nyumbani kwenda kwa wagonjwa. Kukaa mahali pamoja bila hivyo kungekuwa jambo jingine kabisa. Seminari ina Masifu ya asubuhi, meza moja, bustani, uwanja wa mpira na kengele ya kulala. Vyote hivi tunavinung'unikia. Mwaka wa kwanza wa parokia, padre akiwa peke yake na pikipiki na simu, ndipo atakapoitafuta kengele ile.

Adrian Atiman alifariki Karema mwaka 1956 na kuzikwa hukohuko. Mjini Sumbawanga iko hospitali ya Kanisa yenye jina lake, na wengi wanaopanga foleni pale asubuhi wanalitamka tu: twaenda kwa Atiman.