Louis Pasteur

Louis Pasteur (Dole, 27 Desemba 1822 – Marnes-la-Coquette, 28 Septemba 1895) alikuwa mwanakemia na mtaalamu wa vijidudu kutoka nchini Ufaransa.

Anajulikana hasa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na kwa njia ya kuhifadhi vinywaji kwa joto iliyopewa jina lake. Leo njia hiyo inahusishwa zaidi na maziwa, lakini Pasteur aliibuni kwa ajili ya divai. Sehemu muhimu ya utafiti huo aliifanya katika mji mdogo wa Arbois, akitumia vyombo vilivyoundwa na mafundi wa pale pale.

Maisha ya awali

Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa mtengenezaji wa ngozi aliyewahi kuwa askari wa Napoleon Bonaparte. Louis alipokuwa bado mtoto, familia ilihamia Arbois katika eneo la Jura, mji uliozungukwa na mashamba ya mizabibu. Alisoma huko, kisha Besançon na hatimaye École normale supérieure mjini Paris.

Mwaka 1848 alichunguza fuwele za chumvi ya asidi inayopatikana katika mashapo ya divai. Aligundua kwamba zilikuwa za namna mbili, moja ikiwa kama sura ya nyingine katika kioo. Ugunduzi huo ulimpatia sifa akiwa bado kijana. Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent, aliyekuwa pia msaidizi wake katika kazi. Walipata watoto watano.

Uchunguzi wa uchachu

Mwaka 1854 alihamia Lille kuwa mkuu wa kitivo cha sayansi. Mwaka 1856 mwenye kiwanda cha pombe ya viazisukari alimwomba amsaidie kujua kwa nini mapipa yake yalikuwa yakiharibika. Kwa hadubini Pasteur aliona chembe za hamira katika mapipa mazuri, na vijidudu vya umbo jingine katika yale yaliyochacha vibaya. Uchunguzi wake ulimfikisha kwenye hoja kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai, na kwamba kila aina ya uchachu ina kiumbe chake.

Mwaka 1857 alirudi École normale, ambako maabara yake ya kwanza ilikuwa katika chumba cha darini.

Divai ya Arbois

Wakati huo divai nyingi za Ufaransa zilikuwa zikiharibika pipani au safarini. Nyingine zilikuwa chungu, nyingine zikageuka siki, nyingine zikawa nzito kama mafuta. Kwa mkulima mdogo, pipa lililoharibika lilikuwa ni jasho la mwaka mzima lililomwagika. Mwaka 1863 Kaisari Napoleon III alimtaka Pasteur achunguze tatizo hilo.

Pasteur alitumia likizo zake kufanya kazi Arbois. Pamoja na wanafunzi wake aliweka maabara katika chumba cha mkahawa wa zamani. Hapakuwa na gesi, hivyo walitumia moto wa makaa. Seremala, fundi bati na mhunzi wa mji ndio waliowatengenezea vifaa. Kwa hadubini Pasteur aliweza kutambua ugonjwa wa divai kabla ya kuionja, kwa kuangalia vijidudu vilivyokuwemo.

Kukomaa kwa divai

Alichunguza pia kwa nini divai hubadilika inapokaa. Alijaza mirija ya kioo divai mpaka juu na kuifunga kabisa. Mingine aliiacha na nafasi ya hewa kisha akaifunga vilevile. Divai isiyoguswa na hewa ilibaki karibu kama ilivyokuwa. Ile yenye hewa ilipungua rangi, ikatoa mashapo na kupata ladha ya divai ya zamani. Pasteur akahitimisha kwamba oksijeni ndiyo inayokomaza divai, ikipenya polepole kupitia mbao za pipa.

Hata hivyo hewa ilikuwa na hatari yake, kwa kuwa vijidudu vinavyogeuza divai kuwa siki huishi penye hewa. Ndiyo sababu desturi ya wakulima ya kuongeza divai pipani kila inapopungua, ili isibaki nafasi wazi, ina maana hata kwa mtu mwenye chombo kimoja tu. Divai ya manjano ya Jura ni tofauti: huachwa bila kuongezwa, nayo hukomaa kwa miaka chini ya utando wa hamira.

Kuhusu magonjwa, Pasteur aligundua kwamba kupasha divai joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi pasipo hewa kunatosha kuikinga. Mwaka 1865 alipata hataza ya njia hiyo. Waonjaji wengi walihofia kwamba joto lingeharibu ladha. Pasteur aliwahi kuwapa waonjaji divai ileile katika glasi mbili, nao wakadai kuona tofauti. Matokeo ya utafiti wake yalitolewa mwaka 1866 katika kitabu kuhusu divai.

Miaka hiyo ilikuwa pia ya misiba. Binti yake Jeanne alikuwa amefariki mwaka 1859. Mwaka 1865 alimpoteza baba yake na binti yake mdogo Camille, na mwaka 1866 binti mwingine, Cécile. Jeanne na Cécile walikufa kwa homa ya matumbo.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1868 alipata kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto, lakini aliendelea na kazi. Mwaka 1874 alinunua shamba la mizabibu karibu na Arbois. Mwaka 1878 alijenga humo vibanda vya kioo na kufunika vichala vya zabibu kwa pamba. Juisi ya zabibu hizo haikuchacha, jambo lililothibitisha kwamba hamira hutoka nje na kutua kwenye maganda.

Baadaye alitengeneza chanjo ya kimeta kwa mifugo (1881), na mwaka 1885 alimchanja mtoto Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa Paris mwaka 1888. Amezikwa humo.

Nyumba yake ya Arbois, alikozoea kurudi wakati wa likizo, sasa ni makumbusho.