Bi. Senda Berenson, mwalimu aliyewafungulia wasichana uwanja

Akina mama wengi wa pwani waliopita shuleni wanaukumbuka mpira wa pete. Uwanja umechorwa mistari, kila msichana ana sehemu yake, na akivuka mpaka refa anapuliza firimbi. Wengi hudhani mchezo huo umetoka kwa Waingereza tangu mwanzo, maana walimu wa Kiingereza ndio waliotuletea. Lakini chimbuko lake ni mpira wa kikapu wa Marekani, hasa ule uliochezwa na wasichana wa chuo kimoja cha wanawake watupu, chini ya mwalimu ambaye ujanani mwake alikuwa mgonjwa asiyeweza kusimama kwa muda mrefu. Mwalimu huyo ni Bi. Senda Berenson, na ndiye nitakayemsimulia leo.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1868 katika mji mdogo wa Butrimonys, nchi ya Lithuania, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, na jina la ukoo wao lilikuwa Valvrojenski. Baba alitangulia kuhamia Boston, Marekani, na mwaka wa 1875 mkewe na watoto wakamfuata. Huko wakachukua jina la Berenson, na baba akawa mchuuzi wa kutembeza bidhaa. Kaka yake Senda, Bernard, alikuja kuwa bingwa mkubwa wa kutambua picha za kale za Kiitalia, akasifiwa Ulaya na Marekani. Dada mtu hakuwa na sifa hizo. Alipenda kupiga piano na akajiunga na chuo cha muziki cha Boston, lakini mgongo ulimsumbua hata kukaa mbele ya piano kukawa adhabu, na masomo yakamshinda.

Mwaka wa 1890 alishauriwa aingie chuo kipya cha Boston kilichofundisha walimu wa mazoezi ya viungo kwa mtindo wa Waswidi. Hakwenda kwa kuipenda kazi hiyo. Alitafuta afya tu. Mwanzoni mazoezi yenyewe yalimchosha akalazimika kujilaza kila mara. Miezi ikapita, mwili ukaanza kumtii. Nadhani hapa ndipo pa kumwelewa Bi. Senda. Mtu aliyezaliwa na nguvu zake huona mazoezi ni mchezo, lakini yeye alijua kwa mwili wake mwenyewe kwamba udhaifu wa mwanamke si lazima uwe maumbile. Mara nyingi ni kufungiwa.

Na wakati ule wakubwa wa elimu walisema ni maumbile. Mwaka wa 1873 tabibu mmoja wa Boston, Dk. Edward Clarke, alitoa kitabu kilichodai kwamba msichana akisoma sana uzazi wake utadhurika. Kitabu kile kilivuma na kuwatia wazazi hofu. Kwa hiyo vyuo vya wanawake vilikuwa na mzigo wa kuonyesha kwamba wanafunzi wao wanasoma na bado ni wazima. Kimojawapo kilikuwa Smith College cha mji wa Northampton, kilichofunguliwa mwaka wa 1875 kwa urithi ulioachwa na mwanamke tajiri, Sophia Smith. Mapema mwaka wa 1892 Bi. Senda alikwenda kufundisha mazoezi hapo.

Wasichana walichoshwa na mazoezi ya kuinua mikono na kuishusha kwa hesabu. Bahati ikawa kwamba mji wa Springfield hauko mbali na Northampton, na huko, mnamo Desemba 1891, mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alikuwa amebuni mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni kumi na tatu, na mpira wa kikapu ukazaliwa. Bi. Senda alisoma habari zake gazetini, akaona ndio dawa aliyoitafuta. Si yeye wa kwanza kuwaza hivyo. Walimu wa kike wa Springfield walikuwa wamekwisha kuujaribu. Lakini yeye ndiye aliyeuingiza chuoni na kuupa wanawake kanuni zao.

Mchezo wa kwanza wa hadhara chuoni hapo ulifanyika Machi 1893, mwezi ule ule ambao kule Unguja Sayyid Hamad bin Thuwaini alikalia kiti cha usultani. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikutana na wa mwaka wa kwanza. Ukumbi ulijaa wasichana wenye rangi za madarasa yao, wakiimba na kushangilia. Wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Wachezaji walivaa suruali pana zilizokusanywa chini ya goti, ambazo kwa kweli zinanikumbusha suruali za marinda za mabibi zetu. Bi. Senda akarusha mpira juu kuanzisha mchezo, na papo hapo mkono wake ukagongana na wa nahodha wa mwaka wa kwanza, bega la binti likateguka! Akapelekwa pembeni akarudishwa bega, mwingine akashika nafasi yake, na mchezo ukaendelea. Mwaka wa pili walishinda kwa mabao 5 kwa 4.

Habari ya wanaume kuzuiwa mlangoni ina maana yake kwangu. Naishi Entarara, upande huu wa Kitengela katika Kajiado, na binti wa dada yangu anayesoma chuo kikuu Nairobi huja kwangu wakati wa likizo. Anachezea timu ya wasichana ya chuo chake, ushungi kichwani na suruali ndefu miguuni. Jioni huwakusanya mabinti wa Kimasai wa jirani, wakatupia mpira kwenye pete ya chuma tuliyoipigilia juu ya nguzo. Bibi yake aliyeko Mombasa akipiga simu haachi kuuliza: wanaocheza naye ni wanawake watupu? Wanaotazama ni kina nani? Wapo wanaomcheka bibi kwa maswali hayo, wakiyaona ni ushamba wa pwani. Mimi simcheki. Maswali hayo hayo yaliulizwa Massachusetts na wasomi, na Bi. Senda aliyajibu kwa kufunga mlango na kuwaacha wasichana wakimbie ndani.

Jibu lake la pili lilikuwa mistari. Aliugawa uwanja sehemu tatu, kila mchezaji akabaki katika yake. Alikataza kumpokonya mwenzio mpira mkononi. Kuushika zaidi ya sekunde tatu ilikuwa kosa, na kuudunda zaidi ya mara tatu pia kosa. Alitaka wasichana wasaidiane kuliko mmoja kujionyesha, na alitaka pia waliokuwa wakinyemelea kuupiga marufuku mchezo wakose kisingizio. Mwaka wa 1899 kamati ilikutana kuziweka kanuni hizo sawa, na mwaka wa 1901 zikachapwa kitabuni, yeye akiwa mhariri. Mchezo ulikuwa umekwisha kusambaa: Aprili 1896, upande wa pili wa nchi, wasichana wa Stanford waliwashinda wenzao wa Chuo Kikuu cha California kwa mabao 2 kwa 1, tena bila watazamaji wa kiume. Uingereza nako walimu wa mazoezi waliupokea, wakaugeuza kidogo kidogo ukawa mpira wa pete. Ndiyo sababu msichana wa netiboli hadi leo ana mipaka yake na sekunde tatu zake.

Hapa mimi na Bi. Senda twatofautiana kidogo. Ukuta alioujenga ulikuwa wa kuwalinda wasichana na maneno ya watu, na bila ukuta ule huenda wasingecheza kabisa. Lakini ukuta ukikaa sana watu husahau sababu yake. Ilikuwa mwaka wa 1971 ndipo wanawake wa vyuo vya Marekani walipopewa kucheza watano watano, uwanja mzima, kama wanaume. Katika Olimpiki mpira wa kikapu wa wanawake uliingia mwaka wa 1976 mjini Montreal. Wanawake wa Kenya walifika mashindano ya dunia ya Australia mwaka wa 1994, na vyuo vikuu kama Strathmore, USIU na Zetech vimetoa timu za wanawake katika ligi kuu ya nchi yetu.

Na kuta nyingine zilijengwa kinyume. Shirikisho la dunia, FIBA, lilikataza vifuniko vya kichwa uwanjani. Mwaka wa 2014 wanawake wa Qatar waliokwenda Michezo ya Asia huko Incheon, Korea ya Kusini, waliambiwa wavue hijabu. Wakakataa, wakaukosa mchezo. Katazo hilo liliondolewa mwaka wa 2017. Mpwa wangu alianza kucheza baada ya hapo, wala hajui kwamba miaka michache tu nyuma ushungi wake ungemweka nje ya mashindano ya dunia.

Bi. Senda mwenyewe aliacha kazi Smith College mwaka wa 1911 alipoolewa na Herbert Vaughan Abbott, mwalimu wa Kiingereza chuoni hapo. Aliendelea kuongoza mazoezi katika shule ya wasichana ya mji huo huo hadi mwaka wa 1921, na kamati ya kanuni aliisimamia mpaka 1917. Mumewe alifariki mwaka wa 1929. Baadaye alihamia Santa Barbara, California, kuishi na dada yake, na huko ndiko alikofia tarehe 16 Februari 1954, akiwa na miaka 85. Yule mtoto mgonjwa wa mgongo! Mwaka wa 1985 jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa mpira wa kikapu mjini Springfield, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa heshima hiyo. Jumba hilo lina jina la Naismith.