Joy Adamson: Mlezi wa Elsa aliyehifadhi sura za Wakenya

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarejeshwa nyikani. Hata hivyo, kabla ya Elsa kuzaliwa, mama huyo alikuwa ameifanyia Kenya kazi nyingine isiyovuma sana: kuhifadhi sura, mavazi na mapambo ya jamii zake.

Alizaliwa mwaka wa 1910 mjini Troppau, ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki, na kuwasili Kenya mwaka wa 1937. Mumewe wa pili, mtaalamu wa mimea Peter Bally, ndiye aliyempa jina la Joy. Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, ofisa wa wanyamapori. Michoro yake ya maua ilimtunukia medali ya dhahabu ya Grenfell mwaka wa 1947.

Mnamo 1949, serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi ya jadi. Enzi hizo picha nyingi za kamera zilikuwa nyeusi na nyeupe. Zilionyesha mpangilio wa shanga shingoni, lakini si rangi zake, wala wekundu wa udongo uliopakwa mwilini. Brashi ya Joy iliziba pengo hilo. Alisafiri miaka kadhaa akichora wazee, mabibi harusi na mashujaa, hadi michoro ikafika mamia.

Mwaka wa 1967 alitoa kitabu The Peoples of Kenya, chenye michoro pamoja na picha za kamera. Mwaka huo huo alinunua Elsamere, nyumba iliyo ukingoni mwa Ziwa Naivasha.

Kazi hiyo ilikuwa na mipaka yake. Agizo lilihusu jadi tu. Vibarua wa mashamba ya walowezi huko Naivasha na Nakuru, waliokwisha kuvaa shati na kaptura, hawakuwa sehemu yake, ingawa nao walikuwa Wakenya wa wakati huo.

Joy aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980, na aliyekuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia. Elsamere imekuwa makumbusho. Michoro mingi imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako vijukuu wanaweza kuona mapambo ambayo nyumbani kwao hayavaliwi tena.