James Croll, mhudumu wa chuo aliyezihesabu zama za barafu

Mwaka 1859 chuo kimoja mjini Glasgow, Uskoti, kilichoitwa Chuo cha Anderson, kilimpata mhudumu mpya wa kutunza jengo na makumbusho yake. Aliitwa James Croll, mwenye umri wa miaka 38, na alikuwa amekwisha kushindwa katika kazi nyingi. Baba yake alikuwa mwashi maskini, na shule aliiacha akiwa kijana mdogo. Alijifunza ufundi wa vinu, kisha useremala, mpaka kiwiko kikaharibika. Akafungua duka la chai, likafungwa. Akafungua hoteli isiyouza pombe, kwa kuwa mwenyewe hakuigusa, na wateja hawakutosha. Akazunguka kuuza bima, kazi ambayo mtu mpole kama yeye hakuipenda kabisa.

Mshahara wa chuoni ulikuwa mdogo, lakini maktaba ilikuwa mlango wa pili. Hapo alisoma.

Wanasayansi wa wakati ule walikwisha kukubali kwamba barafu iliwahi kufunika sehemu kubwa ya Ulaya. Kwa nini ilikuja, na kwa nini ilirudi nyuma? Croll alitazama njia ya dunia kulizunguka jua. Njia hiyo si duara kamili, na umbo la duaradufu yake hubadilika polepole sana. Akitumia kanuni za mwanahesabu Mfaransa Le Verrier, alipiga hesabu, kwa mkono, za miaka milioni tatu iliyopita.

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Aliona kwamba badiliko la joto la jua lenyewe ni dogo mno kuleta barafu. Sababu haikutosha kwa tokeo. Hakulazimisha mambo. Alitafuta mnyororo wa visababishi: majira ya baridi yakiwa marefu, theluji hubaki, theluji ni nyeupe, hurudisha mwanga angani, baridi huongezeka, pepo hubadilika na kuisukuma kando mikondo ya bahari yenye joto, na baridi huongezeka tena. Makala yake ya kwanza juu ya jambo hili ilitoka mwaka 1864. Wasomi walidhani mwandishi ni profesa.

Mwaka 1867 aliajiriwa Edinburgh katika Idara ya Upimaji wa Jiolojia. Mwaka 1875 akatoa kitabu kikubwa, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Hata hivyo alikosea. Kwa hesabu zake zama za mwisho za barafu zilikwisha miaka 80,000 hivi iliyopita, lakini ushahidi wa ardhini ulionyesha ni karibuni zaidi, na nadharia yake ikawekwa kabatini. Mserbia Milutin Milankovitch aliirekebisha katika karne ya 20, akionyesha kwamba majira ya joto yenye ubaridi ndiyo yenye uzito. Baadaye barafu iliyochimbwa Greenland ilifunua jambo ambalo wote wawili hawakulitazamia: ndani ya zama zile joto la huko lilipanda ghafla zaidi ya mara 20, nyuzi 8 hadi 16 za Selsiasi, ndani ya miongo michache tu. Njia ya dunia haigeuki haraka hivyo. Wanaounda modeli za kompyuta leo hutafuta jibu katika mikondo ya Atlantiki na barafu ya baharini, yaani katika ule mnyororo wa mhudumu wetu, ingawa yeye aliudhania kuwa wa polepole.

Croll mwenyewe, Mprotestanti mwenye imani, aliipenda falsafa kuliko jiolojia. Mwaka 1857, kabla ya kushika ufagio, alichapisha kitabu kuhusu hoja za kuwapo kwa Mungu. Maumivu ya kichwa yalimsumbua kwa miaka mingi, akastaafu mapema mwaka 1880. Nguvu chache zilizobaki alizitumia kuuliza ni nini kinachoipa kani mwelekeo wake, kwa maana kani yenyewe, alivyoona, haijipi mwelekeo. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1890. Mwezi Desemba mwaka huohuo akafariki dunia mjini Perth.