Walt Disney, aliyefungua njia ya kuuzia watoto vitu vya kuchezea mahali pa burudani

Walt Disney, Mmarekani aliyejulikana duniani kwa sinema za katuni, alizaliwa Chicago tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1901. Alipokuwa mtoto huko Kansas City, aligawa magazeti kabla ya jua kuchomoza, akimfanyia kazi baba yake Elias bila mshahara. Kwenye baraza za wateja alikuta vitu vya kuchezea vilivyoachwa na watoto wa nyumba hizo. Alivichezea kidogo, akaviacha, akaendelea na kazi.

Kunako mwaka wa 1928 alimpoteza sungura Oswald, katuni iliyotoka katika studio yake, kwa sababu haki zilikuwa za kampuni Universal. Mwaka huohuo, pamoja na mchoraji Ub Iwerks, alimtoa panya Mickey Mouse, na mara hii haki zikabaki kwake. Kuanzia 1932, mtaalamu wa matangazo Kay Kamen alisimamia kazi ya kuviuzia viwanda ruhusa ya kutumia picha ya Mickey. Saa ya mkononi ya Ingersoll ilitoka mwaka wa 1933.

Siku za Jumamosi Disney aliwapeleka mabinti zake wawili kwenye bembea za Griffith Park, Los Angeles. Akiwa ameketi kwenye benchi, aliona kwamba watoto wanacheza huku wazazi hawana la kufanya. Akataka mahali ambapo familia nzima itafurahi pamoja.

Tarehe 17 mwezi wa saba 1955 alifungua Disneyland, Anaheim, jimbo la California. Mlango ulikuwa mmoja, na barabara ya kuingilia na kutokea ilipangwa maduka pande zote mbili. Mtoto aliyetoka kucheza, akiwa bado na furaha, alipita mbele ya kofia na wanasesere kabla ya kufika kwenye gari. Yeye aliomba, mzazi alilipa.

Mwezi wa kumi mwaka ule, kipindi chake cha watoto, Mickey Mouse Club, kilianza kwenye televisheni ya ABC. Kampuni Mattel ilinunua matangazo ya mwaka mzima humo, wakati vitu vya kuchezea viliuzwa zaidi kipindi cha Noeli. Tangazo lilimfikia mtoto moja kwa moja, bila kupitia kwa mzazi.

Disney alifariki kwa saratani ya mapafu tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1966. Familia nyingi bado zinamshukuru kwa furaha aliyowaletea. Lakini mtoto mdogo hatofautishi mchezo na tangazo. Ikumbukwe kwamba tangu 1980 jimbo la Quebec, nchini Kanada, linakataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13.