Refa Aliposimamisha Pigano

Andiko la wiki: Hesabu 22:21–35

Kabla tufike kwa Balaamu na punda wake, wacha niwapeleke Muthurwa kidogo.

Leo Muthurwa tunaijua kwa soko, mitumba na kelele za makanga. Zamani ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli, na vijana wengi walikuwa wakimaliza jioni zao kwa ngumi. Klabu ya ndondi ya hapo iliitwa Dallas. Ndiyo iliyomtoa Robert Napunyi Wangila, kijana wa Eastlands kama wengi wanaoketi viti vya nyuma Jumapili wakidhani pastor hawaoni.

Wangila alizaliwa 1967. Enzi hizo ndondi Kenya haikuwa mchezo wa pembeni. Philip Waruinge alikuwa ameleta medali ya shaba kutoka Mexico 1968, na ya fedha kutoka Munich 1972. Timu ya taifa ilikuwa ikiogopwa Afrika nzima. Lakini dhahabu ya Olimpiki ilikuwa haijapatikana.

Ikapatikana Seoul, 1988. Mwaka huo Kenya ilirudi na dhahabu 5. Nne zililetwa na wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilitoka ulingoni, uzani wa welta. Kwenye fainali Wangila alikutana na Mfaransa, Laurent Boudouani, na raundi ya pili akamwangusha kwa nokauti. Alikuwa na miaka 21 tu. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki kabla yake. Na mpaka leo ninapoandika, hakuna Mkenya mwingine aliyeipata.

Rika langu wengine tulikuwa hatujazaliwa, wengine tulikuwa tunanyonya. Lakini muulize mzee yeyote wa Makadara ama Kaloleni, atakuambia.

Sasa, dhahabu huwezi kuila. Kijana akaenda Marekani kupigana kwa malipo, akafanya makao Las Vegas. Hapa wacha nieleze kitu. Ndondi ya Olimpiki ya wakati huo ilikuwa raundi tatu, na bondia alivaa kinga ya kichwa. Ndondi ya malipo haina kinga ya kichwa, na raundi zinaweza kufika kumi ama kumi na mbili. Ni mchezo uleule kwa jina, lakini mwili unalipa bei tofauti. Wangila hakufanya vibaya. Alishinda mapigano 22 na kupoteza 5, hilo la mwisho likiwemo.

Hilo la mwisho lilikuwa usiku wa tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, dhidi ya David Gonzalez. Lilifika raundi ya tisa. Wangila alikuwa anapokea makonde mengi lakini bado amesimama kwa miguu yake. Refa Joe Cortez akaingia kati, akasimamisha pigano.

Wangila alikataa. Alilalamika palepale ulingoni kwamba amekatizwa, kwamba bado ana nguvu. Akashuka, akaenda chumba cha kubadilishia nguo. Huko ndiko alikoanguka, akapoteza fahamu. Madaktari walimfanyia upasuaji wa kichwa. Tarehe 24 Julai akafa. Alikuwa na miaka 26.

Wapendwa, simhukumu. Ule ushupavu wa kukataa kusimama ndio uliompa dhahabu Seoul. Kama angekuwa mtu wa kukubali haraka, hatungemjua. Lakini angalieni jambo moja: wakati anabishana na refa, jeraha lilikuwa tayari limeshaingia kichwani. Yeye hakulisikia. Aliyesimama kando, ambaye hakuwa anapigwa, ndiye aliyeona kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Sasa turudi kwa Balaamu. Anasafiri, ana haraka, kuna malipo mbele yake. Punda anakataa kwenda. Anakwepa njia, anambana mguu ukutani, mwisho analala chini kabisa. Balaamu anampiga mara tatu. Hajui kwamba malaika amesimama mbele na upanga, na kwamba yule punda anayempiga ndiye amemwokoa. Mtumishi mzima, mtu wa maono, ameshindwa kuona kitu ambacho punda ameona.

Hii nimeipitia mwenyewe. Nina shahada ya biashara, iko ukutani kwa fremu. Darasani tulifundishwa kwamba pesa iliyozama imezama: usiifuate na nyingine kwa sababu tu inakuuma. Mtihani huo nilipita vizuri. Halafu nikafungua duka la viatu hapa mtaani. Kodi iliponishinda nikakopa kwa simu. Nikakopa kwingine kulipa ule mkopo wa kwanza. Nikagusa pesa ya chama ya mamangu. Jioni moja tukila, mke wangu akaniambia kwa upole nifunge lile duka. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia hana imani.

Niliendelea miezi saba zaidi. Hasara ya mwanzo ningeimaliza kwa mwaka. Deni la hiyo miezi saba nimelilipa miaka mitatu, na mamangu alikaa muda mrefu bila kuenda chama kwa aibu. Mke wangu alikuwa refa. Mimi nilimwona adui.

Sisi wapentekoste tunapenda kuhubiri kusonga mbele. Tunasema usikate tamaa, ushindi uko karibu. Ni kweli, na mimi nitaendelea kuhubiri hivyo. Lakini kuna watu katika kanisa hili ambao Mungu anawasimamisha, na sisi tunawasukuma warudi ulingoni. Kwa hiyo naongea wazi.

Ndugu unayebeti ili urudishe pesa uliyopoteza wiki jana, rafiki aliyekuambia uache si mchawi wako. Kijana ambaye kikombe cha jioni kimeanza kutafutwa asubuhi, dadako akilia anaona kitu wewe huoni. Mzazi mwenzangu unayefanya kazi mbili na kifua kinabana kila ukipanda ngazi za ploti, nenda hospitali wiki hii. Na wewe dada unayepigwa nyumbani, ukaambiwa na mtu wa kanisa uvumilie na uombe: samahani kwa niaba yetu. Kuondoka mahali unapoumizwa si kukosa imani. Tafuta usalama kwanza, na maombi tutayafanya ukiwa salama.

Kuna tofauti kati ya kuacha kwa uvivu na kusimamishwa kwa rehema. Mimi najipima hivi: je, watu wawili ama watatu wanaonipenda, ambao hawafaidiki na jambo hili, wanasema kitu kimoja? Wakiwa wanasema kimoja, nanyamaza na kusikiliza, hata kama bado najisikia nina nguvu. Hasa kama bado najisikia nina nguvu.

Pale Wangila aliposimamishwa ilikuwa raundi ya tisa. Wewe usingoje ifike huko.

Maombi ya wiki: Bwana, nionyeshe uliyemsimamisha mbele yangu. Nipe moyo wa kutompiga. Amen.

Anayehitaji kuongea, niko ofisini Jumatano baada ya maombi ya jioni. Mlango wa nyuma uko wazi, si lazima upitie mbele ya watu.