Mwana wa mhunzi na siri za ardhini

Mwanafunzi wa fizikia katika shule zetu za sekondari hukutana na jina la Michael Faraday katika kanuni ambayo huikariri kwa ajili ya mtihani. Ni nadra aambiwe mtu huyo alikuwa nani. Ni nadra zaidi aelezwe kwamba kanuni hiyo huwawezesha wanaakiolojia wa leo kutambua makao ya kale yaliyofukiwa, kabla jembe halijagusa udongo.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu, na njaa haikuwa ngeni nyumbani mwao. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipofika umri wa miaka 14 alipelekwa kwa George Riebau, muuzaji na mjalidi wa vitabu, akajifunze kazi. Kijana huyo hakutosheka na ngozi na gundi. Alivisoma vitabu alivyovijalidi.

Mnamo 1812 alipewa tikiti za kuhudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution. Aliandika aliyoyasikia, akayajalidi maandishi hayo na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Walipozuru Ulaya pamoja, ilimbidi pia amtumikie Davy kama boi, na mkewe Davy hakumwacha asahau alikotoka.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete ya chuma, akaizungushia nyaya mbili, kila moja upande wake. Alipouunganisha waya wa kwanza na betri, sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, ikatikisika tena. Siri ilikuwa hapo: mkondo uliotulia haukuzaa kitu, kilichozaa umeme katika waya wa pili ni mabadiliko ya nguvu ya sumaku.

Hakukomea maabarani. Aliwaza kwamba, maadamu dunia yenyewe ni sumaku, maji ya mto yanayopita juu yake hayana budi kuzaa umeme. Januari 1832 alitandaza waya kwenye daraja la Waterloo na kuteremsha vibati vya shaba katika mto Thames. Sindano iliyumbayumba bila mpango, naye akakubali kwamba hakuthibitisha lolote. Hata hivyo, wazo la kuyapima maji na ardhi kama vipitishi vya umeme lilikuwa limekwisha zaliwa.

Sisi wa isimu tunamkumbuka kwa jambo jingine. Mnamo 1834 alipokosa maneno ya kutajia aliyoyagundua, alimwendea William Whewell wa Cambridge, msomi aliyeijua Kiyunani. Maneno tuliyoyatohoa kuwa anodi na kathodi yalitokana na mashauriano hayo. Wanaodai kwamba lugha fulani haiwezi kubeba sayansi wangefaa kukumbuka kuwa hata Kiingereza kiliomba.

Hisabati ya juu hakuijua. Ni James Clerk Maxwell aliyekuja kuyaandika mawazo yake kwa milinganyo. Faraday alikataa ukabaila na urais wa Royal Society, akafariki tarehe 25 Agosti 1867.

Chombo cha kisasa cha kupimia udongo ni ile pete yake iliyonyooshwa. Koili moja, inayobebwa juu ya ardhi, hutoa nguvu ya sumaku inayogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Mageuzi hayo huamsha mikondo midogo ya umeme udongoni, nayo mikondo hutoa sumaku yake, ambayo koili ya pili huipokea. Handaki lililojaa udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko msingi wa mawe makavu. Mahali palipowaka moto, kama mekoni, huongezeka usumaku. Mpimaji hutembea kwa mistari, na tarakimu zake huwa ramani. Chombo hakikosi udhaifu: chumvi nyingi udongoni huyafunika mengine yote, na kipande cha bati cha juzi huweza kupiga kelele kuliko ukuta wa miaka 600.

Upimaji wa namna hii, pamoja na ule wa sumaku, ulifanywa Songo Mnara, kisiwani karibu na Kilwa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Mji huo ulikaliwa kati ya karne ya 14 na ya 16. Kwa muda mrefu miji ya Waswahili imesimuliwa kupitia misikiti na majumba ya matumbawe, kwa sababu hayo ndiyo yaliyosalia kuonekana. Wakazi wa nyumba za miti na udongo walipata sentensi moja, pengine wasipate. Lakini vipimo vilionyesha dalili za shughuli za watu hata pale palipoonekana kuwa uwanja mtupu, na uchimbaji katika mji huo ukafichua masalio ya nyumba za udongo ndani ya kuta zile zile za mji, jirani na majumba ya mawe.